Nauli ya kwenda tu: reli za Ulaya na Wayahudi waliopelekwa kambi za mauaji

Mtoto wa Reli:

Wakuu, habari za muda huu.

Tarehe 28 Julai 1942, Albert Ganzenmüller, katibu wa wizara ya uchukuzi ya Ujerumani na mmoja wa wakubwa wa shirika la reli la nchi hiyo, Reichsbahn, alimwandikia barua Karl Wolff, msaidizi wa karibu wa Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Hitler kilichosimamia mauaji ya Wayahudi. Ni barua fupi ya kikazi. Inasema kwamba tangu tarehe 22 mwezi huo, kila siku treni moja yenye Wayahudi 5,000 inatoka Warsaw kwenda Treblinka kupitia Małkinia, na mara mbili kwa wiki treni nyingine yenye Wayahudi 5,000 inatoka Przemyśl kwenda Bełżec, kambi nyingine ya mauaji. Wolff alijibu mwezi Agosti, akashukuru, akasema habari hiyo imemfurahisha.

Treblinka haikuwa mji wala kiwanda. Ilikuwa kambi ndogo porini, na kazi yake ilikuwa moja. Waliofikishwa huko waliuawa kwa moshi wa injini ndani ya vyumba vilivyofungwa, wengi wao saa chache tu baada ya kushuka. Kuanzia tarehe 22 Julai hadi 21 Septemba 1942 watu wapatao 265,000 wa Warsaw walikwisha hivyo.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila tunapojadili mauaji ya Wayahudi, maneno yanaishia kwa Hitler, kwa SS na kwa vyumba vya gesi. Reli tunaiona kwenye picha tu, ile njia inayoingia getini Auschwitz. Mimi naiona kama mshiriki kamili. Ilikuwa na ofisi, wakubwa, ratiba, bei na ankara. Karibu nusu ya Wayahudi milioni 6 waliouawa walifikishwa mauti yao kwa treni. Wengine walipigwa risasi karibu na makwao au walikufa kwa njaa na maradhi. Na treni, kama wanavyojua waliofanya kazi hiyo, haiondoki mpaka mtu mwenye meza atie sahihi.

Nitaandika kwa awamu. Maswali yanaruhusiwa.

Mtoto wa Reli:

Naanza na pesa, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe niliposhtuka.

Jijini Berlin ilikuwepo ofisi ya polisi wa siri iliyoitwa IV B 4, mkuu wake Adolf Eichmann. Mtu wake wa treni alikuwa Franz Novak. Novak akishajua wapi kuna watu wa kuchukuliwa, anapeleka maombi wizara ya uchukuzi, na wizara inatafuta mabehewa na nafasi njiani. Reichsbahn haikubeba bure. Ilitoza nauli ya daraja la tatu: pfennig 4 (pfennig 100 ni mark moja) kwa kilomita kwa mtu mmoja. Mtoto wa chini ya miaka 10 nusu nauli, wa chini ya miaka 4 bure. Kundi la kuanzia watu 400 lilipata punguzo la nusu. Askari walinzi walikatiwa tiketi za kwenda na kurudi. Wayahudi walikatiwa za kwenda tu.

Piga hesabu mwenyewe. Safari ya kilomita 500 kwa bei ya kundi ni mark 10 kwa mtu mzima. Treni ya watu wazima 1,000 ni mark 10,000. Hiyo ni bei ya kukaa kwenye kiti cha daraja la tatu, na wengi wa watu hawa walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na ya ng'ombe, wamesimama, ndoo moja ya haja kwa behewa zima. Pesa zilitoka kwenye mali walizonyang'anywa wao wenyewe. Na Slovakia, iliyokuwa mshirika wa Ujerumani, ilikubali kuilipa Ujerumani mark 500 kwa kila Myahudi aliyechukuliwa. Mwaka 1942 ilitoa watu wapatao 58,000.

Kuna mtu alikaa ofisini akapanga kwamba mtoto wa miaka mitatu anayepelekwa Treblinka asitozwe nauli. Hakuvunja kanuni yoyote ya kazi. Alifungua kitabu cha nauli kilekile kilichotumika kwa familia inayokwenda likizo pwani, akafuata kilichoandikwa.

Gadi Mstaafu:

Mleta uzi, nimesoma yote. Mimi nilikuwa gadi kwenye Reli ya Kati mpaka nilipostaafu, naomba niwaeleze vijana jambo moja.

Treni maalumu, yaani ile isiyo kwenye ratiba ya kawaida, ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lazima upate kichwa na uhakikishe kina nguvu ya kuvuta uzito huo. Upate dereva, mtia makaa na gadi, na wa kuwapokea zamu ikiisha. Enzi za mvuke lazima ujue watachukua maji wapi na makaa wapi. Halafu uitafutie nafasi kati ya treni nyingine: itampisha nani, atakayeipisha ni nani. Kila stesheni masta njiani anapewa taarifa kabla, saa ya kufika na saa ya kuondoka. Na ikishashusha, mabehewa lazima yasafishwe na yarudi, maana yanasubiriwa kwingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia treni ya watu 5,000 ilipita kila siku na watu wa reli hawakujua, simwelewi. Kwenye reli, behewa moja likichelewa watu kumi wanajua.

Swali langu: hizo ratiba ziliandikwa na nani, na zilikuwa za siri?

Mtoto wa Reli:

Shikamoo mzee wangu. Maelezo yako yameniokolea aya tatu.

Kwa upande wa Poland iliyotekwa, Wajerumani waliunda shirika waliloliita Ostbahn, makao makuu Kraków. Huko ndiko kulikokuwa na dawati la treni maalumu. Mkuu wake, Walter Stier, baada ya vita alishikilia kwamba hakuwahi kuona hata treni moja ya aina hiyo kwa macho yake na kwamba hakujua ilikokuwa inawapeleka watu. Yeye alikuwa mtu wa mezani, kazi zilimwelemea. Ratiba zenyewe zimebaki, na zinaonyesha ulivyosema: saa za kila kituo, mahali pa kupishana, na treni ileile kurudi tupu ili ipakiwe upya.

Kuhusu siri, jibu linasikitisha. Hazikupigwa muhuri wa siri. Ziliandikwa tu kwamba ni za matumizi ya kikazi, na nakala zikasambazwa kwenye vituo vyote vya njiani. Stesheni masta wa kijijini alikuwa nayo mezani. Angeweza kusoma kwamba maelfu ya watu wanaingia kwenye kituo ambacho hakina hata nyumba za kuwatosha watu mia tano, treni inatoka tupu, na kesho yake hivyohivyo.

Mmoja aliyesoma na kuelewa alikuwa Franciszek Ząbecki, Mpoland, msimamizi wa trafiki kwenye stesheni ya kijiji cha Treblinka, kilomita chache kutoka kambini. Alikuwa pia mwanachama wa jeshi la siri la Poland. Treni ya mabehewa 60 haikuweza kuingia kambini kwa mkupuo, kwa kuwa ukumbi wa kushushia ulitosha mabehewa 20 tu. Kwa hiyo ilikatwa vipande vitatu stesheni kwake: 20 yanasukumwa ndani, 40 yanabaki juani Agosti ile, watu wakilia maji. Ząbecki alikuwa anaandika idadi kila siku na kuituma kwa wenzake. Alificha baadhi ya hati za mizigo Wajerumani walipokuwa wanaharibu ushahidi. Baada ya vita alikwenda kutoa ushahidi Düsseldorf kwenye kesi za watu wa kambi ile.

Na kambini kwenyewe walijenga stesheni ya uongo. Saa iliyochorwa ukutani, dirisha la tiketi lisilofunguka, vibao vya kuelekeza abiria wa kuunganisha safari. Lengo ni kuwatuliza wanaoshuka, waendelee kuamini wako safarini.

Kibo Msemakweli:

Mkuu uzi ni mzito na umefanya kazi. Lakini nadhani unawabebesha watu mzigo usio wao. Ujerumani ya Hitler mtu akifungua mdomo anapotea. Dereva wa treni ana mke na watoto. Akatae, kesho apigwe risasi, na treni iendeshwe na mwingine. Angefanya nini? Ni rahisi kuhukumu ukiwa na simu mkononi mwaka huu.

Mtoto wa Reli:

Kibo, hoja yako ni ya haki, na sitaki kuipita juu juu.

Kwanza, dereva na mtu wa ofisini siwaweki kapu moja. Madereva wengi wa treni za kwenda Treblinka walikuwa Wapoland, nchi yao imetekwa, Mjerumani mwenye bunduki yuko karibu. Ninayemzungumzia zaidi ni yule wa Berlin na Kraków, mwenye cheo, aliyeweza kusema mabehewa hayapatikani. Maana mabehewa kweli yalikuwa haba! Vita vilikuwa vinaendelea. Mtu aliyetaka kuzubaisha alikuwa na kisingizio halali kila wiki. Walichofanya ni kinyume: wakipungukiwa mabehewa, walirefusha treni na kuongeza watu kwenye kila behewa.

Pili, yupo aliyekataa. Ufaransa, tarehe 31 Oktoba 1942, stesheni ya Montauban, dereva aliyeitwa Léon Bronchart alipewa treni ya wafungwa wa kisiasa. Akakataa kuiendesha. Hakupigwa risasi. Aliadhibiwa kikazi. Baadaye alikamatwa kwa shughuli zake za kupinga utawala ule, akapelekwa kambi ya Buchenwald, akarudi hai. Mwaka 1994 Israel ilimtambua kama Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa, heshima ya wasio Wayahudi waliowasaidia Wayahudi. Katika madereva wote wa shirika la reli la Ufaransa ndiye anayetajwa kila mara, kwa kuwa jina la pili halijulikani.

Sisemi wote wangeweza kuwa Bronchart. Nasema karibu hakuna mwingine aliyejaribu kupima ukuta huo una unene gani.

Chalinze Kwanza:

Niliwahi kusoma kwamba treni za Wayahudi zilipewa kipaumbele kuliko treni za jeshi, eti Hitler aliwachukia kiasi cha kuacha wanajeshi wake bila risasi. Ni kweli?

Mtoto wa Reli:

Inasemwa sana, lakini hapana. Treni hizi zilikuwa chini kabisa kwenye foleni. Zilimpisha kila mtu: jeshi, makaa, abiria wa kawaida. Kuanzia katikati ya Desemba 1942 zilisimamishwa kwa wiki kadhaa ili njia ziwe wazi kwa wanajeshi wanaokwenda likizo ya Krismasi. Januari 1943 Himmler mwenyewe alimwandikia Ganzenmüller akimsihi amsaidie apate treni zaidi. Fikiria mtu anayeogopwa Ulaya nzima anamwomba mtu wa reli. Hapo unaona nani alikuwa na nini mkononi.

Na huko kupishwa ndiko kulikoua wengi kabla hata ya kufika. Mzee Gadi amesema kichwa lazima kiwe na nguvu ya kuvuta uzito uliopo. Septemba 1942 treni moja ilitoka Kolomea kwenda Bełżec ikiwa na watu zaidi ya 8,000. Askari aliyeongoza ulinzi aliandika ripoti ambayo bado ipo. Analalamika kwamba kichwa kilikuwa kibovu, kwenye kila kilima treni inasimama, na wakati imesimama watu wanavunja mbao na kuruka. Walinzi walimaliza risasi, wakaendelea kwa mawe na singe. Mabehewa mengine yalikuwa na watu 180 mpaka 200, katika joto, bila maji. Safari haikutimiza siku nzima. Ilipofika, watu kama 2,000 walikuwa wameshakufa ndani. Na malalamiko ya yule askari kwa wakubwa wake ni kuhusu kichwa cha treni na idadi ya walinzi.

Gadi Mstaafu:

Watu 200 behewa moja la mizigo. Hata mifugo hatukupakia hivyo, ng'ombe wangekufa na mwenye mali angedai fidia.

Binti Mrima:

Naongeza upande mwingine wa reli hizohizo. Baada ya Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa Ujerumani na Austria, Uingereza ilikubali kupokea watoto wa Kiyahudi bila wazazi wao. Walisafiri kwa treni mpaka Uholanzi, kisha meli hadi Harwich. Kundi la kwanza lilifika tarehe 2 Desemba 1938. Kwa jumla waliokolewa watoto kama 10,000 mpaka vita vilipoanza. Kutoka Prague, kazi aliyoisimamia Nicholas Winton na wenzake iliwatoa watoto 669. Treni yao ya mwisho, yenye watoto kama 250, ilipangwa kuondoka tarehe 1 Septemba 1939. Siku hiyo Ujerumani iliivamia Poland, mipaka ikafungwa, treni haikuondoka. Wengi wa watoto wale hawakuonekana tena.

Wazazi waliowasindikiza watoto stesheni wakidhani wamewatupa ugenini, miaka mitatu baadaye wao ndio walipanda treni ya kwenda mashariki. Mimi kama mama hiyo imenikaa rohoni.

Mtoto wa Reli:

Asante sana dada. Umenikumbusha treni nyingine, ya Ubelgiji.

Usiku wa tarehe 19 Aprili 1943 treni ya ishirini ya Wayahudi iliondoka Mechelen kwenda Auschwitz ikiwa na watu 1,631. Karibu na Boortmeerbeek dereva aliona taa nyekundu relini, akasimama. Taa ile ilikuwa ya kandili iliyofunikwa karatasi nyekundu. Vijana watatu, Youra Livchitz, Robert Maistriau na Jean Franklemon, walikuwa na bastola moja na koleo za kukatia waya. Walifungua behewa, watu 17 wakatoka. Walinzi wakafyatua risasi, treni ikaendelea. Lakini ndani ya mabehewa mengine watu walikuwa na vifaa vyao, na kabla ya kuvuka mpaka walitoroka zaidi ya 200. Wengine walikamatwa tena, wengine walipigwa risasi, lakini zaidi ya mia moja walisalimika. Mmoja ni Simon Gronowski, wakati huo ana miaka 11. Mama yake alimshusha kwenye ngazi ya behewa, akamwachia treni ilipopunguza mwendo. Mama mwenyewe aliuawa Auschwitz. Simon alikua, akawa wakili.

Livchitz alikamatwa baadaye na kuuawa kwa risasi mwaka 1944. Wenzake wawili walipelekwa kambini, wakarudi. Vijana watatu na kandili walisimamisha treni ya Reichsbahn.

Chalinze Kwanza:

Sasa kama vijana watatu waliweza, Marekani na Uingereza na ndege zao zote walishindwaje kupiga bomu reli ya Auschwitz?

Mtoto wa Reli:

Hilo wanahistoria bado wanagombana. Suala lilikuwa Hungaria. Kati ya tarehe 15 Mei na 9 Julai 1944, treni 147 zilibeba Wayahudi kama 437,000, karibu wote kwenda Auschwitz. Ndani ya Birkenau, sehemu ya kambi ya Auschwitz, Wajerumani walikuwa wamekamilisha njia mpya ya reli mwezi huo wa Mei, watu washukie karibu kabisa na vyumba vya gesi. Dunia ilijua: Rudolf Vrba na Alfréd Wetzler walitoroka kambini mwezi Aprili, na taarifa yao ilifika Uswisi na kwingineko. Vrba alikuwa amefanya kazi kwenye ukumbi wa kushushia watu, akihesabu treni kichwani. Viongozi wa Kiyahudi waliomba reli ipigwe. Wizara ya vita ya Marekani ikakataa, ikisema ndege zinahitajika kwingine. Tarehe 20 Agosti ndege za Marekani zilipiga kiwanda cha Monowitz, kilomita chache tu kutoka vyumba vya gesi.

Mimi naona hivi. Reli iliyopigwa bomu hutengenezwa ndani ya siku moja mbili. Mzee Gadi atakubali. Kilichosimamisha treni za Hungaria ni amri ya Miklós Horthy, mtawala wa nchi, mapema Julai, baada ya kubanwa na Papa, mfalme wa Sweden na Rais Roosevelt. Alisema basi, na treni zikasimama, Wayahudi wengi wa Budapest wakabaki.

Bulgaria ni hivyohivyo. Machi 1943 treni zilikuwa tayari. Dimitar Peshev, naibu spika wa bunge, alikusanya wabunge wenzake wakapinga. Askofu Kiril wa Plovdiv alitishia kulala relini. Serikali ikarudi nyuma, Wayahudi kama 48,000 wakapona. Kwenye maeneo iliyoyateka, Thrace na Makedonia, ambako hakuna aliyewatetea, serikali hiyohiyo iliwatoa watu 11,343. Kibo, ndiyo maana nang'ang'ania ofisi. Treni hizi zilisimama kila mtu mwenye meza alipokataa.

Mswahili wa Berlin:

Salamu kutoka huku. Stesheni ya Grunewald iko mtaa wa matajiri, miti mingi, nyumba kubwa. Jukwaa namba 17 halitumiki tena. Kandokando ya njia wameweka vyuma 186, kila kimoja kimeandikwa tarehe, idadi ya watu, na walikopelekwa. Unatembea unasoma. Cha kwanza ni tarehe 18 Oktoba 1941. Cha mwisho ni Machi 1945, Warusi wakiwa wameshafika mto Oder, na bado waliona kuna haja ya kupeleka kikundi kidogo cha Wayahudi kambi ya Theresienstadt. Zaidi ya Wayahudi 50,000 wa Berlin walitolewa hivyo, na siku za mwanzo walitembezwa mitaani mpaka stesheni mchana kweupe, majirani wakiangalia.

Shirika la reli la sasa ndilo lililoweka kumbukumbu hiyo, Januari 1998. Lakini ilichukua miaka zaidi ya hamsini. Na miaka kumi baadaye, raia waliokuwa wakizungusha treni yenye maonyesho ya watoto waliopelekwa kambini walitozwa na shirika hilo ada ya kutumia njia. Palikuwa na makelele makubwa hapa.

Binti Mrima:

Walitozwa ada? Baada ya zile nauli?

Mswahili wa Berlin:

Ndiyo dada. Shirika lilisema sheria inalitaka litoze kila anayetumia njia.

Kibo Msemakweli:

Nakubali kuhusu ofisi. Je, hao wakubwa walishtakiwa?

Mtoto wa Reli:

Waziri, Julius Dorpmüller, alikufa Julai 1945, kabla yake Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, walikuwa wanafikiria kumtumia kufufua reli. Ganzenmüller alikimbilia Argentina, akarudi Ujerumani miaka ya hamsini, akapata kazi nzuri ya uchukuzi kwenye kampuni ya chuma. Kesi yake ilianza Düsseldorf mwaka 1973, ikasimama baada ya muda mfupi kwa sababu ya moyo wake, na haikuendelea tena. Aliishi mpaka 1996. Novak alishtakiwa Vienna mara kadhaa, akaishia na kifungo cha miaka saba. Huyo ndiye aliyesema kwamba kwake yeye Auschwitz ilikuwa stesheni tu.

Mashirika yenyewe yalichelewa sana. Ufaransa ilitoa Wayahudi kama 76,000, wengi kupitia kambi ya Drancy. Waliorudi ni kama 2,500. Shirika lake la reli lilieleza majuto waziwazi, mbele ya stesheni ya Bobigny, Januari 2011, wakati lilipokuwa linatafuta zabuni za reli Marekani na wabunge wa kule wanalibana kuhusu historia hiyo. Mwaka 2014 serikali ya Ufaransa ilikubali kutoa dola milioni 60.

Uholanzi, shirika la reli lilijenga njia mpya mpaka ndani ya kambi ya Westerbork mwaka 1942, na kwa muda mrefu treni iliondoka kila Jumanne. Watu kama 107,000 walitolewa nchini. Kama 5,000 walirudi. Shirika liliomba radhi mwaka 2005. Kulipa lilikubali mwaka 2018 tu, baada ya Salo Muller, aliyekuwa mtabibu wa viungo wa timu ya Ajax, kulishikilia miaka. Wazazi wake walipita Westerbork kwenda Auschwitz. Aliyenusurika alipangiwa euro 15,000.

Chalinze Kwanza:

Na familia zilizoisha zote, hakuna hata mrithi, zinalipwa vipi?

Mtoto wa Reli:

Hazilipwi. Malipo yalikwenda kwa walionusurika, wajane na watoto. Palipokwisha ukoo mzima hakuna wa kujaza fomu.

Kibo Msemakweli:

Kwa dereva wa kawaida bado nina huruma, mkuu. Sijabadilika.

Mtoto wa Reli:

Hata mimi ninayo. Ila soma kuhusu Uholanzi hiyohiyo. Tarehe 17 Septemba 1944 serikali yao iliyokuwa uhamishoni London iliwatangazia redioni wagome, kusaidia majeshi ya Washirika yaliyokuwa yanashuka kwa miavuli. Wafanyakazi wa reli kama 30,000 waliacha kazi, wengi wakajificha, wakakaa hivyo mpaka ukombozi. Wajerumani waliwalipizia kwa kuzuia chakula kisipelekwe magharibi mwa nchi, na baridi ile watu kama 20,000 walikufa kwa njaa. Kwa hiyo gharama ilikuwepo, na kubwa, umesema kweli. Lakini reli iligoma ilipoambiwa igome. Treni ya mwisho kutoka Westerbork kwenda Auschwitz ilikuwa imeondoka tarehe 3 mwezi huohuo, na kwa zile zote zilizotangulia, tangu Julai 1942, hapakuwa na tangazo lolote kutoka London la kuwataka wagome.